Kiwanja Kilicho Kati ya Nyumba za Kale

Mtu ajengaye porini, mahali pasipo jirani, hana wa kumwuliza ila mfuko wake na mvua. Mtu ajengaye mjini ana maswali zaidi. Yampasa kumwuliza jirani wa kuume na jirani wa kushoto, maana ukuta wake utakuwa kivuli chao. Na ikiwa mtaa ule ni wa kale, yampasa kuwafikiri hata wale waliokwisha kufa, ambao walijenga kabla yake na hawawezi kusema tena ila kwa mawe yao. Swali ninalokuletea, msomaji, ni hili: aliye hai ana haki kiasi gani juu ya mahali palipojengwa na waliomtangulia? Wadhani labda ni swali la wanafalsafa wenye nafasi. Mimi nililetewa na ndugu zangu wa damu, juu ya kiwanja kimoja katika mji wa Nyeri, nalo lilikuwa na fedha ndani yake, na machozi pia.

Nyeri ni mji uliokaa chini ya kilima cha jina lake, kando ya Mto Chania. Asubuhi iliyo njema mtu huona kilele cha Mlima Kenya upande mmoja, na upande wa pili safu ya milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Waingereza walisimamisha kituo chao cha askari hapo Desemba 1902, baada ya kuwapiga watu wa Tetu kwa bunduki. Nyuma ya askari walikuja wenye maduka, na nyuma ya wenye maduka wakaja makarani, wahubiri na mahakimu. Baadaye mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Kati, hata kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 na mikoa ikapoteza cheo chake cha zamani. Kama miji mingine ya nchi ya mlima, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, Nyeri ulikua kwa haraka na bado wakua. Kila mwaka nyumba za ghorofa huongezeka, na kila mwaka nyumba chache za zamani huondoka.

Babu yetu mzaa baba alinunua duka moja la kale katika mji huo miaka michache baada ya uhuru. Ni nyumba ya chini, ya mawe ya kuchongwa, yenye paa la mabati na baraza mbele iliyoshikwa na nguzo nne. Ubavuni mwake pana kiwanja kitupu chenye mparachichi mmoja, nacho ni chetu vilevile. Tangu nilipokuwa mtoto nimeona barazani mafundi wa kushona na vyerehani vyao, na wakati wa mvua za Aprili nimeona wapita njia wakijazana hapo, wanunuzi na wasionunua, bila mtu kuwafukuza. Babu alikuwa akisema ya kwamba duka ni lake, lakini baraza ni ya mvua.

Sisi warithi tulikuwa wanne: kaka yetu mkubwa, dada yetu, mimi, na mjane wa ndugu yetu wa mwisho, aliyeachiwa watoto watatu walio shuleni. Siku moja kaka alimleta mtu mwenye mali. Mtu yule alitaka kuvunja duka, kung'oa mparachichi, na kusimamisha nyumba ya ghorofa saba mahali pa vyote viwili. Nasi tungepewa ghorofa mbili ziwe zetu. Dada alikataa kabla chai haijapoa. Alisema hawezi kuuza baraza ambayo mama yake alijifungulia biashara ya kwanza ya maisha yake. Kaka akasema dada anapenda mawe kuliko watu. Shemeji yetu mjane alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ada ya shule italipwa na nguzo hizi?" Wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, wakitaka niseme neno. Sikuwa nalo. Haya unayoyasoma ndiyo niliyoyafikiri baadaye.

Nalianza kwa kumpa kaka haki yake yote, maana hoja isiyosikilizwa vema haiwezi kujibiwa vema. Watu walio hai wana haja ya nyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Kijana aliyetoka kijijini kuja kufanya kazi mjini hawezi kulala ndani ya kumbukumbu za babu zangu. Ataka chumba, mlango wenye kufuli, na kodi anayoimudu. Tena, wale wanaosema ya kale yasiguswe, yawapasa waseme ni ya kale yapi. Kabla ya duka letu palikuwa na shamba la mtu. Aliyejenga duka hakumwuliza mwenye shamba. Ikiwa kila kilichotangulia ni kitakatifu, basi duka lenyewe ni kosa, na yafaa turudishe mtama na viazi vikuu. Hoja hii ni nzito, nami sikuona mtu aliyeweza kuipuuza kwa unyofu.

Iko na hoja nyingine inayofanana na hiyo, nayo husemwa mara nyingi na vijana wenye bidii. Wao huuliza: urithi huu ni wa nani? Majengo mengi ya kale katika miji ya mlima yalisimamishwa na watawala, na mengine Mwafrika hakuruhusiwa kuingia ila kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi au dobi. Kwa nini tuyatunze? Ebu tutazame mifano. Huko Nyeri iko nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ambamo Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliishi tangu mwaka 1938 hata kufa kwake tarehe 8 Januari 1941. Huko Mathari liko kanisa la ukumbusho walimolazwa askari wa Kiitalia waliokufa katika nchi hizi. Huko Ruring'u liko jengo la miaka ya 1920 lililokuwa baraza la hukumu za Waafrika, nalo leo ni makumbusho. Katika mji huo huo, mwaka 1956, Dedan Kimathi alihukumiwa kifo, akanyongwa Februari 1957. Na katikati ya mji pana mnara wa kuwakumbuka waliokufa wakipigania uhuru.

Vitu hivi haviwezi kupatana. Mwingine amsifu mtawala, mwingine amlilia mtawaliwa. Lakini fikiri jinsi baraza la wazee lisikilizavyo kesi. Shahidi haitwi kwa sababu ni rafiki. Aitwa kwa sababu alikuwapo. Jengo la hukumu lililotisha wazazi wetu lina faida kwetu kwa kuwa laweza kusema, "Haya yalitendeka hapa, katika chumba hiki, kwa kipimo hiki." Ukilivunja kwa hasira utakuwa umemfukuza shahidi wako mwenyewe, na siku adui atakapokana, utabaki na maneno matupu.

Watu wa nchi ya mlima wanayo sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja, ikawatia katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mahandaki na kulindwa na askari. Nyumba walizotoka zilichomwa au kubomolewa. Kwa hiyo wako wazee wengi ambao hawana hata jiwe moja la utoto wao la kumwonyesha mjukuu. Waliofutiwa mahali pao kwa amri ya mtu mwingine, je, wafute wenyewe kile kidogo kilichosalia, kwa amri ya faida? Sisemi kwamba hawana ruhusa. Nasema yafaa wajue uzito wa kitu wanachokiinua kabla ya kukitupa.

Basi nikawa kati ya hoja mbili, kila moja ina kweli, na kila moja ikinivuta mkono. Iliyonisaidia ilikuwa desturi ya kale ya Wakikuyu wenyewe. Ardhi ya mbari, yaani ukoo, ilikuwa chini ya mtu aitwaye muramati. Muramati hakuwa mwenye ardhi kwa maana ya kuweza kuiuza apendavyo. Alikuwa mlinzi wake kwa niaba ya walioifyeka na watakaozaliwa. Lakini usisahau nusu ya pili ya kazi yake. Ilimpasa kuwagawia walio hai mahali pa kujenga na kulima. Muramati aliyeuza shamba la mbari alikuwa mwizi. Na muramati aliyewanyima wana wa mbari mahali pa kujenga, akisema analitunza, hakuwa bora sana. Amana hukusudiwa itumike bila kuisha, kama moto wa jikoni unaopikia leo na kubakizwa makaa ya kesho.

Kwa kipimo hicho kaka alikosea, na dada alikosea pia. Kaka alitaka kula mbegu. Dada alitaka kuifungia ghalani hata ioze. Na kiwanja kitupu chenye mparachichi kilikuwa kimekaa katikati yao muda wote, wala hakuna aliyekitazama.

Nenda Lamu uone jinsi wenzetu wa pwani walivyolifumbua fumbo hili zamani. Mji wa Kale wa Lamu, ambao umekaliwa na watu bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Mgeni huziona akadhani zilijengwa zote siku moja na kuachwa. Sivyo. Nyumba za mbele zinazoelekea bahari ni changa kuliko mitaa ya ndani. Mji ulisogea kuifuata pwani. Na familia ilipozidi, watu waliweza kujenga chumba juu ya njia, kikiunganisha nyumba na nyumba, nacho huitwa wikio. Chini yake watu na punda huendelea kupita. Lakini mjengaji hakuruhusiwa na adabu kutoboa dirisha la kuchungulia ua wa jirani. Hivyo mji ukajazwa nafasi zake vizazi kwa vizazi, na bado ni Lamu. Siri yake ni kwamba kila aliyeongeza chumba alijua yuko katikati ya mazungumzo yaliyoanza kabla hajafika, naye akasema neno lake bila kupiga kelele.

Kutokana na mfano huo naliandika masharti manne juu ya karatasi ya daftari. La kwanza, kimo: nyumba mpya isiifunike ya kale hata ionekane kama mtoto mbele ya askari. La pili, mstari wa mbele: baraza mpya ifuatane na baraza ya zamani, ili mtu aweze kutembea mtaa mzima bila kulowa. La tatu, vifaa na vipimo: mawe, milango na madirisha visigombane na vya jirani. La nne, ukweli: nyumba mpya isijifanye kuwa ya kale. Juu ya sharti hili la mwisho watu hubishana sana. Mji wa kale wa Warsaw, huko Poland, uliangamizwa na majeshi ya Wajerumani mwaka 1944, na wenyeji wakaujenga upya ufanane na ule uliokuwapo, ili kumkatalia adui ushindi. Walikuwa na haki, maana walirudisha walichonyang'anywa. Lakini mtu asiyenyang'anywa kitu, akijenga nyumba ya leo na kuipaka vumbi la jana, ni kama kijana ajitiaye mvi apate kuheshimiwa. Nyumba mpya iwe mpya, ila iwe na adabu.

Nikapeleka karatasi yangu kwa ndugu zangu, nikijiona nimeshinda. Kaka akaisoma, akauliza swali moja: "Hasara ni ya nani?" Hapo nikaona kwamba sikuwa nimefika mwisho wa fikira, bali mwanzo wake. Maana nyumba ya ghorofa tatu kwenye kiwanja kitupu, pamoja na duka la zamani lililotengenezwa paa, haiwezi kuleta kodi ya nyumba ya ghorofa saba. Pengo lile ni fedha halisi. Na katika nyumba yetu, pengo lile lingeangukia hasa watoto watatu wa marehemu ndugu yetu, ambao hawakuwa wameulizwa kama wapenda nguzo.

Msomaji, ujichunge na wema unaolipwa na mwingine. Ni rahisi kupenda vitu vya kale wakati fedha zinatoka katika mfuko wa jirani. Mtalii hupiga picha ya nyumba ya mabati yenye kutu, akasikitika kuambiwa itavunjwa, kisha akarudi kulala hotelini. Aliye ndani ya nyumba ile ndiye awekaye sufuria chini ya tundu la paa. Hali hii ikitokea katika mji mzima, dawa yake ni ya mji mzima. Ikiwa kaunti yaona mtaa wa kale ni pambo na faida kwa wote, basi wote washiriki mzigo: mwenye nyumba apunguziwe kodi ya kiwanja, au asaidiwe kulipa mafundi. Kumkataza mtu kuvunja bila kumsaidia kutunza ni kumtoza faini kwa kosa la kurithi. Na nyumba iliyokatazwa kuvunjwa lakini isiyotunzwa hujivunja yenyewe. Beit el Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa ndani ya mji uliotambuliwa na dunia nzima, na jina lake likaimbwa katika vitabu vyote vya wageni. Hata hivyo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuna kuta ambazo haziwezi kujengwa mara ya pili.

Iko pia hatari ya upande wa pili, ambayo wapenda urithi hawapendi kuitaja. Mtaa wa kale ukisha tengenezwa vizuri, wenye mali huutamani. Huko Shela, kijiji cha pwani karibu na Lamu, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni matajiri wa ng'ambo, wakazitengeneza kwa ustadi mkubwa. Kuta zimepona. Lakini uliza ni kijana gani wa kijiji awezaye leo kununua kiwanja kwao. Ikiwa nyumba mpya yapatana na mawe ya jirani lakini haipatani na mfuko wa jirani, imepatana na kitu kilicho duni na kugombana na kilicho bora. Kwa sababu hiyo niliongeza sharti la tano kwenye karatasi yangu, nikaliandika juu ya yote: mafundi wa kushona wabaki barazani, na vyumba vipya viwe vya kodi ambayo karani mdogo au mwalimu mpya aweza kulipa.

Sasa nitakuambia tulivyofanya, ingawa sikuleti kama kielelezo cha hekima. Dada na mimi, tuliokuwa tukitaka duka libaki, tuliacha sehemu zetu za kodi kwa miaka yote ya shule ya watoto watatu. Tulikubali kwamba anayependa urithi aanze kuulipia yeye mwenyewe. Kaka alichukua sehemu yake kamili, kwa kuwa hakuwa ameomba lolote katika hayo. Nyumba ya ghorofa tatu ilisimama ubavuni mwa duka, kwa mkopo, polepole, kwa misimu mitatu ya mvua. Baraza zake mbili, ya kale na ya sasa, ziko mstari mmoja. Mparachichi ulikatwa; hatukupata njia ya kuuokoa. Mtoto wa pili wa shemeji yetu alirudishwa nyumbani muhula mmoja kwa ajili ya ada, kwa kuwa vyumba vilichelewa kupata wapangaji, nami sitaisahau siku hiyo. Kaka husema hata leo kwamba tulimfanya maskini kwa ajili ya kupendeza. Huenda ana haki kidogo. Lakini mwaka jana nilimkuta amesimama barazani wakati wa mvua, pamoja na watu asiowajua, akiongea nao habari za bei ya kahawa, wala hakuwa na haraka ya kuondoka.

Wewe uliye shuleni hujawa na kiwanja, na labda hutakuwa nacho kwa miaka mingi. Lakini siku yaja ambapo kitu cha waliokutangulia kitakuwa mikononi mwako: nyumba, shamba, lugha, au jina. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na neno lao ni jema. Ila mbacha uliochakaa bila kushonwa nao haulaliki. Siku hiyo usikimbilie kuvunja, wala usikimbilie kufunga kwa kufuli. Tazama kwanza kama hapana nafasi tupu ubavuni. Kisha uliza swali la kaka yangu, na uanze kulijibu kwa mfuko wako mwenyewe.